Mshika Mbili wa Lakrosi na Barua ya Ruhusa ya Mtumba

Neno "mchezaji wa kulipwa" tumelipatia uzito ambao halijawahi kuwa nao. Ukilitamka kwenye kijiwe cha kahawa pale Majengo, hapa Dodoma, kila mtu anaona picha moja: kijana wa mpira wa miguu, gari jeusi lenye vioo vya giza, mkataba wa miaka mitatu, na kamera zikimpiga akiwa ameinua jezi. Hakuna anayemwona mwalimu wa hesabu, wala askari wa zimamoto anayetoka zamu ya usiku na begi la mazoezi begani. Ndiyo maana mpwa wangu, anayesoma mwaka wa pili UDOM, aliponionyesha kwenye simu video ya watu wanaokimbizana na fimbo zenye nyavu, swali lake la kwanza lilikuwa la pesa.

"Mjomba, hawa nao wanalipwa?"

Nikamwambia wanalipwa. "Kama Simba na Yanga?" Nikacheka. Jibu la swali lile la pili ndilo hili hapa, na ni refu kuliko alivyotaka.

Mchezo wenyewe unaitwa lakrosi. Kila mchezaji ana fimbo yenye kifuko cha wavu kwenye ncha, na kwa fimbo hiyo anadaka mpira mgumu wa raba, anakimbia nao, anatoa pasi, anafunga. Goli la lakrosi ya nje ni mraba wa futi sita kwa sita. Katika lakrosi ya nje ya wanaume kila timu ina watu 10 uwanjani. Katika ile ya ndani, inayochezwa kwenye viwanja vya hoki ya barafu baada ya kutandikwa zulia la nyasi bandia, wapo watano na kipa. Kugongana kunaruhusiwa, na kumpiga mwenzako mikononi kwa fimbo kuna namna zinazokubalika na namna zinazokupeleka benchi. Sisi tuliochunga mbuzi Kongwa hatuhitaji mwalimu wa kutufafanulia hilo. Tulikuwa tunapiga ndulele kwa fimbo za kuchungia mpaka mbuzi wanaingia kwenye mtama wa watu, na jioni fimbo zilezile zikabadilisha kazi.

Lakrosi ilianza kwa wenyeji wa Amerika ya Kaskazini. Kwa Wahaudenosaunee, watu wa mataifa sita wanaoishi upande wa New York na Ontario, ilikuwa ibada kabla haijawa ligi, na kwao bado ni ibada. Wanauita mchezo wa Muumba, na wanausema pia kuwa ni dawa: unachezwa ili mgonjwa apone. Mtoto wa kiume hupewa fimbo ndogo akiwa mchanga. Mzee huzikwa na yake.

Halafu ukaja utaratibu wa kizungu. Mwaka 1867 daktari wa meno wa Montreal, William George Beers, aliuandikia mchezo sheria, na klabu za mjini zikaanza kushindana. Mwaka 1880 chama cha lakrosi cha Kanada kikajitangaza kuwa cha ridhaa, na wenyeji, waliokuwa wakipokea malipo ya mechi ili wamudu safari, wakafungiwa nje ya mashindano yake. Kosa lao lilikuwa moja: walilipwa. Muungwana wa Montreal aliyeishi kwa mapato ya kazi yake angeweza kucheza bure na kujisifu. Mwenye mchezo, aliyehitaji nauli, akaambiwa hana hadhi. Nilipolijua hili nilikaa kimya kidogo. Neno ambalo leo vijana wetu wanaliota lilikuwa siku hizo tusi la kumfukuzia mtu kwenye mchezo wa babu zake.

Sasa turudi kwenye pesa, maana mpwa wangu bado anasubiri.

Marekani na Kanada kuna ligi mbili kubwa za wanaume. Ya kwanza ni NLL, ya lakrosi ya ndani, iliyoanza kuchezwa mwaka 1987 ikiwa na timu nne na jina jingine. Hiyo huchezwa majira ya baridi, timu ikiwa na mechi 18 za kawaida kabla ya mtoano. Si ligi ya mchezo mchezo: Buffalo Bandits, waliochukua ubingwa mara tatu mfululizo mwaka 2023, 2024 na 2025, wanaingiza zaidi ya watazamaji 15,000 kwa mechi ya nyumbani. Ya pili ni PLL ya lakrosi ya nje, iliyoanzishwa na mchezaji Paul Rabil na kaka yake Mike, msimu wake wa kwanza ukiwa 2019. Kabla yake kulikuwa na ligi nyingine ya nje, MLL, iliyokuwepo tangu 2001, ambako wachezaji wengi walikuwa wakipata dola elfu chache kwa msimu mzima. PLL ilipoanza iliripotiwa kwamba wastani wa malipo ungekuwa dola 35,000, pamoja na bima ya afya na sehemu ya umiliki wa ligi. Kwa shilingi za wakati ule ni kama milioni 80. Ukiisikia ukiwa Nkuhungu unasema huyu ameula. Ukiwa Boston, unalipa pango na vyakula na unabaki unatafuta kibarua.

Na kibarua wanacho. Hapa ndipo mpwa wangu aliponiangalia kana kwamba nimemdanganya. Wachezaji wengi wa ligi hizi, hasa ya ndani, wana kazi nyingine: ualimu, zimamoto, mauzo, ujenzi, ukocha wa watoto. Anafundisha Jumatatu hadi Ijumaa, anapanda ndege Ijumaa jioni au Jumamosi asubuhi, anacheza mbele ya watu elfu 15, anarudi Jumapili na barafu gotini, na Jumatatu asubuhi yuko mbele ya ubao. Wachache waliozidi hapo, akina Rabil, waliongeza kipato kwa matangazo, kambi za mafunzo na mitandao. Rabil mwenyewe, aliyetajwa kuwa mchezaji wa kwanza wa lakrosi kufikisha mapato ya dola milioni, hakuyapata uwanjani.

"Kumbe ni kama netiboli ya wizara," mpwa wangu akasema.

Alisema kwa dharau, nami namshukuru, kwa sababu ameigusa hoja yangu bila kujua.

Dodoma ni mji wa watumishi wachezaji. Tangu Serikali ihamie hapa mwaka 2016, ukipita jioni kwenye viwanja vya mji huu utawakuta maofisa utumishi, makatibu muhtasi na madereva wakijifua kwa ajili ya SHIMIWI, michezo ya wizara na idara za Serikali: netiboli, mpira, kuvuta kamba, riadha, bao, karata. Watu wanaitania sana michezo hiyo. Wanasema ni likizo ya kulipwa posho. Lakini mchezaji mzuri wa netiboli wa wizara ana kitu ambacho wachezaji wengi wa mpira wa daraja la kwanza hawana: mshahara wa tarehe inayojulikana, bima ya afya, na pensheni inayokatwa kila mwezi. Akiumia goti hatangazwi kwamba "ameachwa kwa makubaliano ya pande mbili". Jumatatu anakwenda kazini akichechemea.

Na mfumo huo ukisimamiwa vizuri unazaa makubwa. Alphonce Simbu ni mtoto wa Ikungi, Singida, jirani zetu hapa juu. Septemba 2025, Tokyo, alishinda marathoni ya dunia kwa tofauti ya sekunde 0.03, yeye na Mjerumani Amanal Petros wakiandikiwa muda uleule wa saa 2:09:48. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Simbu ni askari wa JWTZ. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, naye alikuwa mwanajeshi. Hata nje ya michezo ni hivyo: Hukwe Zawose, Mgogo aliyeifikisha marimba kwenye majukwaa ya dunia, alikuwa pia mwalimu wa sanaa Bagamoyo. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, nami nawaheshimu wahenga, ila wengi kati ya watu waliotutoa kimasomaso walikuwa washika mbili.

Basi kwa nini mwalimu wa Ontario anacheza mpaka miaka 35 akiwa na kazi yake, na mchezaji wetu wa wizara au wa halmashauri anachoka mapema na kuacha? Wengi watajibu pesa. Mimi nasema ni ratiba.

Angalia walivyofanya PLL. Ligi ile ilipoanza haikuwa na viwanja vya nyumbani. Timu zote zilikuwa zinasafiri pamoja kwenda mji mmoja, zinacheza huko mechi zote za wiki, kisha wiki inayofuata mji mwingine. Timu zilipewa miji yake mwaka 2024 tu, na bado msafara unaendelea. Mtanzania anaufahamu mtindo huo tangu utotoni. Ni kituo kimoja, kama UMITASHUMTA ya shule za msingi, kama UMISSETA ya sekondari, kama SHIMIWI. Unapunguza gharama za viwanja, waamuzi wanatosha, watazamaji wanaona timu zote kwa siku mbili. Tofauti ni moja tu, na ndiyo iliyobeba kila kitu: kituo chao ni cha mwisho wa juma. Chetu ni cha wiki mbili.

Wiki mbili maana yake barua ya ruhusa. Barua ina maana mkuu wa kitengo. Mkuu wa kitengo ana maana ya hali yake ya siku ile, anavyoiona netiboli, na kama bajeti ya robo mwaka imekwisha kuandikwa. Mchezaji wa NLL anajua kabla msimu haujaanza kwamba Jumamosi ya tatu ya Februari atakuwa wapi; mwajiri wake anajua; mke wake anajua. Ratiba ikitoka, imetoka. Mechi 18 za ndani majira ya baridi, mechi 10 hivi za nje majira ya kiangazi kwa anayecheza zote mbili, jumla 28, chini ya mechi 30 ambazo mchezaji wa Dodoma Jiji anacheza kwenye Ligi Kuu. Lakini zile 28 zimepangwa kwa kumheshimu mtu ambaye Jumanne ana kazi.

Nilicheza mpira wa wavu. Nilikuwa mpigaji wa pembeni, si mbaya, mpaka leo kuna watu Kisasa wanaoniita kwa jina la uwanjani. Mwaka mmoja timu ya taasisi niliyokuwa nafanyia kazi ilipata taarifa ya mashindano siku tisa kabla ya kuondoka. Nikapeleka barua. Mkubwa wangu akaniuliza, bila kuinua macho, kama niliajiriwa kuandika taarifa au kurusha mipira. Nikaenda kwa ruhusa ya juu yake, tukafika nusu fainali, niliporudi majukumu yangu mawili yalikuwa yameshagawiwa kwa wengine na kiti changu kimehamishiwa karibu na mlango, pale panapopita vumbi lote la Dodoma la mwezi wa tisa. Sikucheza tena. Hakuna aliyenikataza, nilijikataza mwenyewe, kama wanavyojikataza wengi.

Mpwa wangu ananiambia Wamarekani wana pesa, na hilo ni kweli, ila kuna jambo linalopaswa kusemwa wazi. Lakrosi ya Marekani imekaa sana kwenye shule za gharama za upande wa mashariki. Fimbo moja ya kiwango cha juu inapita dola 200, bado kofia, glavu na kinga za mabega. Vyuo vikuu vya daraja la juu kwa miaka mingi vilikuwa na ukomo wa ufadhili 12.6 kwa timu ya wanaume, na timu ina wachezaji zaidi ya 40, hivyo ufadhili ulikatwakatwa vipande, mmoja akipata nusu ada na mwingine robo. Wanaobaki wanalipiwa na wazazi. Mchezaji anatoka pale na shahada nzuri na marafiki wenye nafasi, na kazi yake ya katikati ya juma mara nyingi inatoka kwa marafiki haohao. Kwa hiyo mwalimu na zimamoto wa hadithi yangu wana mwenzao wa tatu, yule wa benki ya New York, ambaye mshahara wa ligi kwake ni nauli ya mafuta. Mfumo ambao lazima uwe na kazi nyingine unamfaa zaidi anayeipata kazi nyingine kirahisi. Mtoto wa Chamwino asiye na ajira hanufaiki nao hata kidogo, na sina dawa ya hilo kwenye makala hii.

Ndiyo maana namwangalia zaidi Lyle Thompson. Ni Mwonondaga, wa moja ya yale mataifa sita ya Wahaudenosaunee, na mmoja wa ndugu wanne waliofika juu kwenye mchezo huu. Mwaka 2014 alichukua Tewaaraton, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, akigawana na kaka yake Miles, na 2015 akaichukua peke yake. Alimaliza chuo cha Albany akiwa na pointi 400, rekodi. Mwaka 2017 akawa bingwa wa ndani na Georgia Swarm na mchezaji bora wa ligi. Amecheza ndani na nje, baridi na kiangazi, na bado anasema fimbo kwake ni dawa kabla ya kuwa ajira. Januari 2019 mtangazaji wa uwanjani Philadelphia aliwachochea mashabiki kwa maneno ya kutaka msuko wake ukatwe. Mtangazaji alipoteza kazi. Taifa lake nalo halijamaliza mapambano: mwaka 2010 timu ya Wahaudenosaunee ilishindwa kwenda mashindano ya dunia Manchester kwa sababu Uingereza haikuzikubali pasipoti zao, na sasa kuna swali kama wataruhusiwa kucheza chini ya bendera yao Olimpiki ya Los Angeles 2028, kwa kuwa hawana kamati ya Olimpiki inayotambuliwa.

Nimeitaja Olimpiki, na hapa najua baadhi ya wasomaji wameshaanza kukokotoa. Lakrosi ilichezwa Olimpiki mwaka 1904 na 1908, ikaondoka, na inarudi 2028 kwa mtindo mfupi wa wachezaji sita. Kila ukitokea mchezo mpya kwenye Olimpiki hujitokeza mtu na mpango wa kuunda chama, kuomba vifaa na kutafuta safari. Kwa Los Angeles nafasi ni za timu sita tu kwa wanaume na sita kwa wanawake, dunia nzima. Uganda walikuwa wa kwanza Afrika kucheza mashindano ya dunia ya wanaume, Denver mwaka 2014, na waliingia kwa jasho. Wasichana wa Kenya chini ya miaka 19 walikwenda Kanada mwaka 2019 wakawa wanateleza kwenye nyasi zenye maji kwa sababu hawakuwa na viatu vya njumu, mpaka wenzao wa Ubelgiji walipowachangia. Picha ilizunguka dunia, watu wakalia. Mimi nilifikiria tu yule aliyepanga safari nzima, tiketi na viza, akasahau viatu.

Sisemi Dodoma ianzishe lakrosi. Tuna michezo ya kutosha iliyokosa ratiba. Hatuhitaji mmoja zaidi. Ninachotaka kuona ni netiboli ya watumishi ikichezwa Jumamosi na Jumapili, raundi kwa raundi, kuanzia Machi hadi Septemba, kwenye viwanja vilevile vya mji huu ambako wizara karibu zote zimejaa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, kwa umbali wa kutembea. Treni ya SGR inafika hapa kutoka Dar es Salaam tangu 2024, timu za huko zinaweza kuja asubuhi na kurudi jioni. Kalenda itoke Januari. Watakaokataa wana sababu moja yenye nguvu, nami naijua: posho za wiki mbili ni kubwa kuliko posho za mwisho wa juma, na wapo wachezaji, si viongozi peke yao, watakaoizika hoja hii kwa sababu hiyo tu. Siwalaumu. Wiki mbili za posho zimejenga vyumba Ihumwa. Ila wasiniambie baadaye kwamba mchezo umekufa kwa kukosa wadhamini. Mdhamini anataka kujua mechi ni lini.

Mpwa wangu aliniomba niamke naye kuangalia Buffalo moja kwa moja. Mechi inaanza saa tisa na nusu usiku kwa saa zetu. Nilimwambia kazini naingia saa moja na nusu asubuhi, akaniangalia yeye sasa kama mtu aliyenishika: "Si ulisema washika mbili ndio wanaume?" Nikaamka. Robo ya pili nilikuwa nimelala kwenye kochi.

Siku chache baadaye ofisini nilimkuta dada mmoja wa masijala, mfungaji wetu wa netiboli, msichana mrefu asiyekosa akisimama chini ya ringi. Alikuwa ameinama juu ya trei ya mkubwa, anageuza karatasi mojamoja kwa vidole viwili ili asizivuruge. Basi la timu linaondoka Jumamosi. Ilikuwa Alhamisi. Barua yake aliikuta chini kabisa, chini ya majedwali ya bajeti, haijawekwa hata alama ya kalamu. Akaitoa, akaifuta vumbi kwa kiganja, akaiweka juu.